Kabla ya kumtoa msichana kizazi, mwulizeni

Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Mkurugenzi Mtendaji wa Taasisi ya Saratani ya Uganda, wakurugenzi wa hospitali za rufaa za mikoa, na Kamati ya Afya ya Bunge

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Arua. Nimefanya kazi ya ukunga hapa West Nile tangu nikiwa msichana mpaka nikastaafu, na hata leo wanawake wanabisha hodi kwangu, mtaani Oli, wakiwa na karatasi zao za hospitali mkononi. Karatasi zimeandikwa Kiingereza cha kitaalamu, na wao ni watu wa Kilugbara, Kinubi, Kikakwa na Kiswahili cha sokoni.

Ombi langu ni moja. Mwanamke kijana akikutwa na saratani changa ya utando wa ndani wa mji wa mimba, asiingizwe chumba cha upasuaji kabla hajaulizwa kama anataka kuzaa, na kabla hajaelezwa, kwa lugha anayoielewa, kwamba kwa baadhi ya wagonjwa kama yeye ipo tiba ya homoni ambayo inaweza kuiondoa saratani bila kumtoa kizazi.

Tuelewane kwanza tunazungumzia saratani ipi. Ukitaja kansa ya kizazi hapa Uganda, kila mtu anawaza ile ya mlango wa kizazi, na ni haki yake, kwa kuwa ndiyo inayotumalizia akina mama. Ile inaletwa na virusi vya HPV. Ndiyo tunayoichunguza kwa kupaka siki, na ndiyo tunayoikinga kwa chanjo ambayo tangu 2015 inatolewa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 10. Ninayoizungumzia mimi inaanzia ndani zaidi, kwenye ule utando unaojijenga kila mwezi na kutoka na damu ya hedhi. Siki haiioni na chanjo ya HPV haiizuii. Wengi wanaoipata ni akina mama waliokwisha koma hedhi, na kwa sababu hiyo mwongozo wa kawaida ni mfupi: toa mji wa mimba, toa mirija, toa ovari. Kwa mama wa miaka 60 mwenye wajukuu, sina neno. Lakini wapo wanaoipata kabla ya miaka 40, na hao ndio wanaosahauliwa.

Nawaomba mnivumilie nieleze inavyoanza, maana tiba yenyewe imetokana na hapo. Mwili wa mwanamke una homoni mbili zinazofanya kazi kwa zamu. Estrojeni inaotesha utando, kisha yai likishatoka, projesteroni inakuja kuupalilia na kuukomaza ili utoke vizuri. Kwa msichana ambaye mayai yake hayatoki, kwa mfano mwenye ovari zenye vivimbe vidogo vingi, au aliyenenepa sana, zamu ya pili haifiki. Mkunga yeyote anamjua msichana huyo. Anakaa miezi minne bila kuona siku zake, halafu anatokwa damu wiki tatu mfululizo. Utando unaota juu ya utando, seli zinaanza kubadilika, na kwa wachache zinageuka saratani.

Hapo ndipo penye uchungu wa pekee. Hali inayomnyima msichana huyo mimba ndiyo hiyo hiyo inayomzalia saratani. Wengi wao hugunduliwa wakiwa hawana hata mtoto mmoja, tena mara nyingi wamegunduliwa kwa sababu walikuja hospitali kutafuta mtoto. Sisi tunawajibu kwa kuondoa nyumba yote ya mtoto.

Na hali hiyo hiyo ndiyo inayofungua mlango wa tiba. Kama tatizo ni projesteroni iliyokosekana, mpe kwa dozi kubwa. Hili si jambo la jana. Mwaka 1961 madaktari wa Boston, Rita Kelley na William Baker, walichapisha habari za wagonjwa wa saratani hii, tena iliyokuwa imeshasambaa mwilini, ambao uvimbe wao ulisinyaa kwa dawa za jamii ya projesteroni. Taasisi yetu ya Saratani pale Mulago, Kampala, ilianzishwa 1967. Yaani elimu hii ni ya zamani kuliko Taasisi yenyewe.

Leo dawa zinazotumika ni medroksiprojesteroni ya kunywa, miligramu 400 hadi 600 kwa siku, au megestroli, miligramu 160 hadi 320 kwa siku. Kuna pia kitanzi chenye levonojestreli, kinachokaa ndani ya mji wa mimba na kutoa homoni taratibu pale pale penye ugonjwa. Mara nyingi huunganishwa na vidonge. Tiba huchukua miezi 6 hadi 12. Mgonjwa akiwa mnene, husaidiwa kupunguza uzito, na hilo linaongeza matumaini. Kila baada ya miezi 3 hivi anachukuliwa kinyama upya kutoka kwenye utando, kwa njia iliyo bora kwa kamera ndogo inayoingia ndani, ili ijulikane kama saratani inaondoka, imesimama au inakua.

Na matokeo? Mwaka 2012 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 34 kuhusu tiba hii. Kwa wenye saratani, uvimbe uliondoka kwa takriban wanawake 76 katika kila 100. Ukarudi kwa takriban 40 katika kila 100. Waliofika kushika mtoto hai walikuwa kama 28 katika kila 100, na waliosaidiwa kitaalamu kupata mimba walifanikiwa kuliko walioachwa wajaribu wenyewe. Naziandika hesabu hizi zote, pamoja na zile zisizofurahisha, kwa sababu mgonjwa naye anapaswa kuzisikia zote. Tiba hii haimhakikishii mtu mtoto. Inampa muda, na muda huo una hatari zake. Ndiyo maana wataalamu wanashauri kwamba mwanamke akishazaa, au akiacha kujaribu, basi mji wa mimba utolewe.

Tena si ya kila mtu. Mwongozo ambao vyama vitatu vya kitaalamu vya Ulaya vilitoa 2023 umeweka masharti, nami nayaunga mkono yote. Saratani iwe ya aina ya kawaida ya utando, ile inayokua polepole, daraja la kwanza. Iwe haijaingia kwenye misuli ya mji wa mimba, na hilo lithibitishwe kwa picha ya MRI, au kwa altrasaundi ya kupitia ukeni inayofanywa na mtu aliyebobea. Ovari ziwe salama. Mgonjwa asiwe na historia ya damu kuganda kwenye mishipa wala ugonjwa mbaya wa ini, maana dawa hizi zinaweza kuyachochea. Awe anataka kuzaa kweli, na awe tayari kurudi kila anapoitwa. Mwenye saratani kali au iliyochimba ndani anahitaji upasuaji, tena haraka, na mtu akimpa vidonge anamuua. Sitaki barua hii isomwe na muuza dawa yeyote kama ruhusa. Sindano ya uzazi wa mpango ya Depo ni miligramu 150 kwa miezi 3. Hiyo si tiba ya saratani, na msichana anayetokwa damu hovyo akidungwa hiyo bila kupimwa, damu inaweza kupungua huku ugonjwa unaendelea kimya kimya.

Sasa niwaeleze kwa nini nimeshika kalamu.

Alikuja kwangu msichana wa miaka 29, muuza vitenge sokoni hapa Arua, ameolewa na hajazaa. Kwa muda mrefu damu yake ilikuwa ya fujo, na kliniki moja baada ya nyingine zilimpa vidonge vya kuikata. Mwishowe akasafishwa mji wa mimba na kinyama kikachukuliwa kupimwa. Niliiona ile chupa kabla haijasafiri: chupa ndogo ya plastiki ndani ya kaveera nyeusi, yaani mfuko wa plastiki, jina lake limeandikwa kwa kalamu juu ya plasta, na formalini, dawa ya kuhifadhia kinyama, iliyovuja kwenye kifuniko ilikuwa imeanza kufuta wino. Dada yake aliipakata kwenye basi la usiku, kupitia Karuma, mpaka Kampala. Majibu yalipotoka yalisema saratani, akaitwa hospitali, akafanyiwa upasuaji. Sitaitaja hospitali hiyo. Upasuaji ulifanywa vizuri, kidonda kilipona vizuri, na daktari alifuata alichofundishwa.

Aliporudi alinikabidhi bahasha. "Sista, hapa wameandika nini?" Nikasoma ripoti ya maabara ya kile kilichotolewa. Daraja la kwanza. Imo ndani ya utando tu, haijaingia kwenye misuli. Mirija safi, ovari safi, zote mbili, na zote mbili zimetolewa. Nikamweleza neno kwa neno.

"Kwa hiyo ilikuwa ndogo?"

"Ilikuwa ndogo, mwanangu."

"Mbona hawakuniuliza kama nataka mtoto?"

Nikafungua ukurasa wa kwanza wa faili lake. Pale juu, kwa mwandiko mzuri wa muuguzi, palikuwa pameandikwa: miaka 29, para 0+0. Kila mkunga anajua maana yake. Hajawahi kuzaa, hajawahi kuharibikiwa na mimba. Mtu alimuuliza, akaandika jibu, kisha jibu likakaa pale juu na hakuna aliyelitumia. Ukurasa wa nne ulikuwa na fomu ya ridhaa, kwa Kiingereza, na alama ya dole gumba lake. Msichana huyu anajua kusoma na kuandika Kiswahili. Angeweza kutia sahihi kama kuna mtu angemsomea.

Sasa usiku anaamka kwa joto la ghafla, kama mama wa miaka 50, kwa kuwa ovari zake hazipo. Na hilo pia linaweza kuepukwa kwa baadhi ya wasichana: hata pale mji wa mimba unapolazimika kutolewa, saratani ikiwa changa na ya daraja la chini, miongozo inaruhusu kufikiria kuziacha ovari.

Waheshimiwa, nyinyi mnaijua nchi yenu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa mwanamke wa Uganda huzaa, kwa wastani, watoto 5.2. Katika nchi ya namna hiyo, kuwa bila mtoto si jambo la mtu na mumewe peke yao. Mama mkwe anauliza, mawifi wanasema, mahari inakumbushwa. Ukiwa na jina la ugonjwa la kujitetea ni afadhali kidogo, lakini wengi wanaogopa kulitamka, maana wakisema kansa wanahesabiwa wameshakufa. Kwa hiyo ninapomsikia mtaalamu akisema "tulimwokoa maisha", nakubali, tena nashukuru. Ila maisha hayo ataishi yeye, na alistahili kuulizwa.

Haki hiyo si mpya. Mkataba wa Haki za Wagonjwa ambao Wizara ya Afya yenyewe iliutoa mwaka 2009 unampa mgonjwa haki ya kuelezwa tiba na njia zake mbadala kabla ya kukubali. Ninachotaka ni utekelezaji wake kwa ugonjwa huu mmoja: ukurasa mmoja wa mwongozo wa taifa, unaosema kwamba mgonjwa mwenye saratani ya utando wa mji wa mimba ambaye hajakoma hedhi asitie sahihi mpaka swali la uzazi limeulizwa na jibu lake limeandikwa, na faili lake limepitiwa na jopo la wataalamu. Na fomu ya ridhaa iwepo kwa Kiswahili. Katiba yetu imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kifundishwe kwa lazima mashuleni. Basi kifike na wodini. Kwa sisi wa Arua, Koboko, Yumbe na Bombo, Kampala ni mji wa Kiluganda na Kiingereza, na mgonjwa aliyetoka kwetu analala wodini kama kiziwi.

Nyuma ya ukurasa huo kuna kazi, na nimeifikiria.

Kubwa kuliko zote ni maabara. Uamuzi wote unasimama juu ya kinyama kidogo ndani ya chupa. Kikisomwa vibaya, msichana wa vidonge anakatwa na msichana wa kukatwa anapewa vidonge. Kwa hiyo visomwe na wanapatholojia wawili, yaani madaktari wanaosoma vinyama kwa darubini, mmoja wao aliyebobea katika magonjwa ya wanawake, na pale inapowezekana vipimwe pia protini zinazoonyesha kama saratani ni ya aina kali au kama kuna urithi wa ukoo, ule unaoitwa Lynch, ambao huleta saratani ya utumbo mpana na ya mji wa mimba ndani ya familia moja. Kuuliza tu "kwenu kuna aliyeugua saratani ya tumbo?" hakugharimu shilingi. Na chupa isisafiri tena kwenye mapaja ya ndugu. Uganda ina mtandao wa pikipiki ambao kwa miaka sasa unabeba damu za wagonjwa wa Ukimwi na makohozi ya kifua kikuu kutoka vituo vya afya hadi maabara kuu kule Butabika. Nimewaona madereva hao wakipita barabara zetu wakati wa mvua na boksi zao nyuma. Wapeni na chupa za formalini, zenye lebo iliyochapwa.

Kuhusu dawa, yafuatayo nayasema kwa NMS, bohari ya dawa ya taifa, pamoja na wanaoandaa orodha ya dawa muhimu. Kidonge cha medroksiprojesteroni kilichomo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ni cha miligramu 5. Kwa dozi ya miligramu 400, hivyo ni vidonge 80 kwa siku. Hakuna mtu anayemeza vidonge 80 kila siku kwa miezi 6. Nunueni vidonge vya dozi kubwa, au megestroli, na muviweke Taasisi ya Saratani na katika hospitali za rufaa, kwa idadi ndogo tu, maana wagonjwa si wengi. Kitanzi cha levonojestreli nacho kimo katika orodha hiyo ya dunia. Sisi wakunga tunajua kuweka vitanzi. Tufundisheni hiki na kazi yake ya pili.

Kisha kuna kurudi. Nimesikia hoja kwamba tiba hii haiwafai watu wetu kwa sababu wakishapona damu hawaonekani tena, na saratani itawarudia huko vijijini. Hoja hiyo naiheshimu, kwani hatari yake ni ya kweli. Lakini ni nchi hii hii iliyowafuatilia watu wenye virusi vya Ukimwi kwa kadi, kwa simu na kwa wahudumu wa afya wa vijiji, mwaka baada ya mwaka. Msichana wa Arua harudi Kampala kwa sababu nauli ya basi na chakula cha msindikizaji vinakula mtaji wake wote wa vitenge. Kinyama kichukuliwe hapa hapa, katika hospitali yetu ya rufaa; sirinji ya kufyonza tunayoitumia kwa mimba zilizoharibika inaweza kuchukua utando huo pale ambapo kamera haijafika. Kisafiri kinyama, mgonjwa abaki nyumbani, na aende Kampala pale tu jopo linapomtaka. Vituo vya mikoa ambavyo Taasisi imekuwa ikivianzisha, Gulu na Mbarara vikiwemo, viwe ndipo daftari la wagonjwa hawa linapotunzwa.

Na akishapona, asiambiwe "nenda ukajaribu". Huyu ni mtu ambaye mayai yake hayatoki. Atajaribu mpaka saratani irudi. Apelekwe moja kwa moja kwa daktari wa uzazi. Mtoto wa kwanza wa kutungishwa maabara hapa Uganda alizaliwa 2004, katika hospitali binafsi ya Kampala, na tangu 2018 tuna hospitali ya taifa ya wanawake na watoto wachanga pale Mulago. Naiomba Kamati ya Afya ya Bunge, inaposhughulika na sheria ya teknolojia ya uzazi, iwakumbuke kwa jina wagonjwa wa saratani. Baadhi yao huenda wakahitaji tembe za kukomaza mayai tu, wala si maabara.

Najua foleni ya Mulago. Nakumbuka mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi ilipokufa na wagonjwa wakarudishwa majumbani. Tiba ninayoiombea haitaki mashine ya mionzi wala kitanda cha wodi kwa miezi. Inataka vidonge, kitanzi, darubini, pikipiki na watu wanaoulizana.

Msichana wa vitenge amenipa ruhusa ya kuandika habari zake bila jina. Hakuniomba nidai fidia, wala sidai. Nawaomba Wizara na Taasisi mtujibu hadharani mambo mawili: ukurasa huo wa mwongozo utaandikwa lini, na nani atakayeuandika. Wakunga wa West Nile tuko tayari kuutafsiri kwa Kiswahili, Kilugbara na Kinubi bila malipo, wiki ile ile utakapotoka.

Wenu katika kazi,

Mkunga mstaafu
Oli, Arua